WALE WA FOOTBALL MANAGER: MJUE HERBERT CHAPMAN, MZEE WA KUGAWA KAZI UWANJANI

Leo siasa na udaku naviweka kando, nawaletea mpira, tena mpira wa marehemu.

Pale kafe kuna swali haliishi kwa wale vijana wa Football Manager. Mtu kasajili mastaa watupu, pesa ya klabu imekwisha, halafu anapigwa nne bila na timu ambayo hata jina lake hawezi kulitamka. Anagonga kibodi, anasema kompyuta imemwibia. Ukichungulia kioo chake unakuta mambo ya ajabu. Mastraika watatu wote wamepewa kazi ya kukaa golini kusubiri pasi. Mawinga wote wawili wameganda kwenye mstari. Mabeki wa pembeni wote wanapanda. Katikati kabaki mtu mmoja anakimbizwa kama mwizi.

Mastaa hawana kosa. Kosa lipo kwenye kile kisehemu cha kuchagua kazi ya kila mchezaji, ambacho wengi wanakiruka kwa haraka wakawahi kubonyeza mechi ianze, si unajua saa ya kafe inalipiwa. Wanaona namba ya uwanjani wanadhani wamemaliza. Kumbe namba inakuambia mtu anasimama wapi tu, haikuambii anafanya nini, na wala haikuambii anamfanyia nani.

Badala ya kuwachosha na menyu nitawasimulia maisha ya mtu mmoja aliyefariki mwaka 1934, yaani miaka 58 kabla ya Championship Manager ya kwanza kutoka. Ukimwelewa huyu mzee, ile skrini ya mbinu utaisoma kama gazeti. Anaitwa Herbert Chapman. Mashabiki wa Arsenal wanalijua jina, maana sanamu yake ipo nje ya uwanja wa Emirates. Ila wengi wanajua jina tu, habari zenyewe hawana.

Alizaliwa tarehe 19 Januari 1878 kijiji cha Kiveton Park, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Hapo ni machimbo ya makaa ya mawe tu. Baba yake alikuwa mchimbaji, kusoma na kuandika hajui. Kwa kijana wa kijiji kile njia ilikuwa moja, kushuka shimoni kama baba. Herbert akatumia kichwa, akasomea uhandisi wa migodi chuo cha ufundi cha Sheffield, na mpira akawa anaucheza huku akitafuta kazi za ufundi popote timu ilipompeleka.

Uwanjani alikuwa wa kawaida, tuseme ukweli. Staa wa familia alikuwa mdogo wake, Harry, aliyebeba ubingwa wa ligi mara mbili na Kombe la FA akiwa Sheffield Wednesday. Herbert yeye alizunguka timu kibao, Stalybridge, Rochdale, Grimsby, Swindon, Sheffield United, Notts County, mpaka Tottenham. Pale Tottenham watu walimkumbuka zaidi kwa viatu vya njano, ambavyo enzi hizo vilikuwa kituko. Kwenye gemu mchezaji wa aina hii ungemuuza dirisha la kwanza.

Mwaka 1907 akaenda Northampton Town kama mchezaji na kocha hapohapo. Timu ilikuwa imezoea kumaliza mkiani mwa ligi ya kusini. Hapa ndipo kichwa chake kilipoanza kufanya kazi kweli. Enzi hizo kocha alikuwa mtu wa kutunza jezi na kuandika barua, wachezaji wakiingia uwanjani kila mtu anacheza anavyojua. Chapman akaona kitu ambacho wengine walikuwa wanakitazama kila Jumamosi bila kukiona: timu inaweza kushambulia mpaka ikajiziba yenyewe. Ukipeleka watu wote mbele, na wapinzani nao wanarudi wote nyuma, nafasi inakufa. Akawaambia viungo wake warudi nyuma kidogo, wapinzani wavutike kutoka kwao, halafu mpira upelekwe haraka kule walikoacha wazi. Mwaka 1909 Northampton ikawa bingwa wa ligi ya kusini.

Kuna usajili wake mmoja wa Northampton sitaki niupite. Mwaka 1911 alimchukua Walter Tull kutoka Tottenham. Tull baba yake alikuwa mtu wa Barbados, mama Mwingereza, yeye mwenyewe kalelewa kituo cha yatima London baada ya wazazi kufariki. Alikuwa mmoja wa wachezaji weusi wa mwanzo kabisa ligi ya daraja la kwanza. Tottenham alianza vizuri, mpaka mechi moja ya ugenini Bristol mwaka 1909 mashabiki wakamtukana rangi yake mwanzo mwisho, na baada ya muda klabu ikamtupa timu ya akiba. Chapman akamchukua. Tull alikuwa mshambuliaji wa ndani, ila Northampton alikuja kutulia kama kiungo wa nyuma, namba ya kukaba na kuanzisha mpira, na akacheza mechi zaidi ya 100. Yaani mtu ambaye Tottenham walikuwa hawajui wamfanyie nini, kwingine kapewa kazi nyingine kawa nguzo. Tull alikuja kuwa afisa wa jeshi la Uingereza na akauawa vitani Ufaransa Machi 1918. Mwili wake haukupatikana.

Turudi kwa mzee. Mwaka 1912 akaenda Leeds City, timu ya daraja la pili iliyokuwa hoi, akaipandisha mpaka nafasi ya nne. Vita vya kwanza vya dunia vikaingia. Chapman akaacha mpira, akaenda kusimamia kiwanda cha mabomu cha Barnbow karibu na Leeds. Vita vilipoisha yakafumuka mambo: ikasemekana Leeds City ilikuwa inawalipa wachezaji kinyume cha sheria wakati wa vita. Wakubwa wa ligi wakataka vitabu vya hesabu, klabu ikagoma kuvitoa. Oktoba 1919 Leeds City ikafutwa kabisa, wachezaji wakapigwa mnada hotelini kama meza na viti. Chapman naye akafungiwa maisha.

Hebu fikiria. Mtu ana miaka 41, ana familia, kazi anayoiweza kuliko mtu yeyote nchini kaambiwa asiiguse mpaka kufa. Akaajiriwa kiwanda kimoja cha mafuta mji wa Selby. Mwishoni mwa 1920 na hapo akapunguzwa, Krismasi akakaa nyumbani hana kazi. Hapo ndipo Huddersfield Town walipomfuata. Wakamsaidia kukata rufaa, hoja ikawa kwamba wakati malipo yale yanafanyika yeye alikuwa kiwandani Barnbow. Kifungo kikafutwa. Mwanzoni mwa 1921 karudi kazini.

Huddersfield naipitisha haraka, ila msiichukulie poa. Kombe la FA 1922. Ubingwa wa ligi 1924 na 1925. Ule wa 1924 walimpita Cardiff kwa hesabu ya magoli tu, pointi sawa. Ule wa 1925 hakuna mechi hata moja waliyoruhusu zaidi ya magoli mawili. Na mwaka 1926 wakachukua wa tatu mfululizo, ingawa yeye alikuwa keshaondoka. Timu kutoka mji wa viwanda vya nguo ambako watu walipenda zaidi raga.

Kiangazi cha 1925 Arsenal, ambayo ilikuwa imeponea chupuchupu kushuka daraja, ikatangaza inatafuta kocha. Mzee akaenda London. Na kiangazi hichohicho sheria ya kuotea ikabadilishwa, na hapa naomba mtulie maana ndipo zilipozaliwa nusu ya zile kazi mnazobonyeza bila kusoma.

Zamani ili mshambuliaji asiwe ameotea ilibidi kati yake na mstari wa goli wawepo wapinzani watatu, kipa akiwemo. Kwa hiyo mabeki wawili tu walitosha. Mmoja anasogea mbele anamtega mtu, mwenzake anabaki nyuma kulinda kama mtego umefeli. Mwaka 1925 watatu wakawa wawili. Sasa mtego ukifeli, mshambuliaji yuko na kipa uso kwa uso. Magoli yakafumuka. Daraja la kwanza lilitoka magoli 1,192 msimu wa 1924/25 mpaka 1,703 msimu uliofuata.

Wakati huo timu zote zilipanga mabeki wawili, viungo watatu, washambuliaji watano. Kati ya wale viungo watatu, yule wa katikati aliitwa senta hafu, na alikuwa mfalme wa timu. Anakaba, anapanda, anagawa, anafunga. Kwenye gemu ungempa ile kazi ya kiungo wa kwenda huku na huku boksi mpaka boksi.

Tarehe 3 Oktoba 1925 Arsenal ya Chapman ilikwenda Newcastle ikala 7 bila. Charlie Buchan, mshambuliaji mkongwe ambaye Chapman alikuwa kamsajili kwa pauni 2,000 pamoja na pauni 100 kwa kila goli atakalofunga msimu ule, alikuwa anapiga kelele kwa muda kwamba yule senta hafu arudishwe nyuma awe beki wa tatu. Safari hii Chapman akakubali. Jack Butler, senta hafu wao, akaambiwa kazi yako ya kupanda imekwisha, unakaa katikati ya mabeki wawili na mtu wako ni straika wao basi.

Sasa tazama kilichofuata, maana hapa ndipo vijana wa gemu wanapokwama. Ukimtoa mtu katikati kumpeleka nyuma, katikati pana shimo. Nani anaziba? Chapman akamrudisha mshambuliaji mmoja wa ndani. Hakumchagua Buchan, alimchukua Andy Neil kutoka timu ya tatu ya klabu, yaani sio hata ya akiba, ya tatu! Neil hakuwa na mbio, ila alikuwa anatuliza mpira na pasi yake inafika. Kwa ile kazi hivyo ndivyo vitu vilivyohitajika. Siku mbili baada ya kupigwa saba, tarehe 5 Oktoba, Arsenal iliifunga West Ham 4 bila, tena ugenini. Msimu wakamaliza wa pili, nyuma ya Huddersfield ileile aliyoijenga mwenyewe.

Mtu wa timu ya tatu anaingia kikosini, mastaa wanabaki walipo, timu inapona. Wale wa kusajili nyota tano kila dirisha naomba mlisome tena hilo.

Wapo wanaosema Chapman ndiye aliyegundua beki wa tatu. Si kweli sana, timu nyingine nazo zilijaribu msimu uleule, hata hao Newcastle waliompiga saba walikuwa wameanza. Chapman alichowazidi ni kwamba hakuishia kwa beki. Kila kazi moja aliyobadilisha aliifuatilia mpaka mwisho kuona imemgusa nani mwingine. Mabeki wawili wa zamani akawatanua wawafuate mawinga. Viungo wawili waliobaki wakakaa katikati. Washambuliaji wa ndani wawili wakarudi kuungana nao, wakawa wanne wa mraba. Ukiwachora watano wa mbele unapata herufi W, watano wa nyuma M, ndiyo WM mnayoisikia. Fungua gemu leo, timu nyingi ikiwa na mpira inajipanga tatu nyuma, mraba katikati, na watatu mbele. Watu wanasema mbinu mpya.

Halafu jambo la lugha yetu wenyewe. Sisi huku beki wa kati tunamwita sentahafu mpaka leo, na namba 5 ni ya beki. Umewahi kujiuliza hilo hafu linatoka wapi? Mstari wa mahafu ulikuwa ule wa katikati, namba 4, 5 na 6. Yule wa 5 ndiye aliyerudishwa nyuma. Kabadilishiwa kazi, jina na namba vikabaki vilevile, vikasafiri na mpira mpaka viwanja vyetu vya vumbi.

Kwa ile kazi ya Butler, mwaka 1926 Chapman alimtafuta mtu wa kudumu, akamtoa Herbie Roberts timu ndogo ya Oswestry kwa pauni 200. Roberts alikuwa mrefu, nywele nyekundu, chenga hana, mashuti hana. Kazi yake ilikuwa kukaa. Hapandi, hashangilii, hamwachi straika. Mashabiki wa viwanja vingine walimzomea kweli kweli, kwamba anaua mpira. Timu ya taifa aliitwa mara moja tu, mwaka 1931. Ila toa Roberts ile Arsenal haipo. (Angalizo kwa wachezaji wa gemu: Waingereza walimwita stopa, ila si ile stopa ya kwenye Football Manager. Ya kwenye gemu ni beki anayetoka mstarini kumfuata mtu mapema. Roberts tabia yake ya kubaki nyuma iko karibu zaidi na ile kazi ya kava. Ukichanganya hizo mbili utafungwa kila mpira mrefu.)

Sasa Alex James. Huyu nampenda kuliko wote. Mskoti mfupi, kaptula mpaka magotini, alinunuliwa Preston mwaka 1929 kwa pauni 8,750. Preston alikuwa mfungaji na mtu wa mbwembwe, chenga mpaka mpinzani anakaa chini. Chapman akamwambia hapa magoli si kazi yako. Unarudi nyuma, unaupokea mpira kutoka kwa mabeki, unautuma haraka kwa mawinga au kwa straika. Kwa gemu letu huyo ni kiungo mchezeshaji anayeanzia chini.

James hakufurahi. Msimu wa kwanza ulikuwa mgumu, akawekwa benchi, magazeti yakaanza kusema pesa imepotea. Na mnamwelewa, mtu umejulikana kwa kufunga halafu bosi anakuambia acha. Ila Chapman hakurudi nyuma, na polepole kazi ikakaa mwilini. Fainali ya Kombe la FA 1930, Wembley, Arsenal na Huddersfield. Goli la kwanza la Arsenal alifunga James, la pili Jack Lambert, mbili bila, kombe la kwanza kubwa la Arsenal. Siku ile puto kubwa la Wajerumani, Graf Zeppelin, lilipita juu ya uwanja. Baada ya hapo James alikaa Arsenal mpaka 1937, mechi za ligi 231, magoli 26 tu. Ukiangalia takwimu bila kujua kazi yake utasema garasa. Wazee wa Arsenal wanamweka kati ya wachezaji wakubwa wa historia ya klabu.

Magoli aliyoacha James yalienda wapi? Yalienda pembeni. Winga wa zamani alikimbia mpaka kona akapiga krosi. Chapman aliwataka mawinga wake waingie ndani kuelekea goli, wapokee zile pasi ndefu za James wakiwa katika mbio. Kulia Joe Hulme, kushoto Cliff Bastin, kijana aliyetolewa Exeter akiwa na miaka 17. Msimu wa 1932/33 Bastin alifunga magoli 33 ya ligi, na Hulme 20. Mawinga hao! Arsenal nzima ilifunga 118. Ile kazi ya winga anayeingia ndani, mnayompa kila mtu mwenye mguu wa kushoto akicheza kulia, hao ndio babu zake. Ila Bastin alifunga 33 kwa sababu nyuma yake alikuwepo James wa kumtumia mpira na kiungo wa kukaa. Ukimpa winga wako kazi ya Bastin bila kumpa mtu kazi ya James, anaingia ndani kufanya nini?

Ubingwa wa 1931 ulikuwa wa kwanza kwa timu ya London, magoli 127. Wakachukua tena 1933. Wapinzani waliwaita Arsenal wenye bahati, maana walishambuliwa dakika 60, wakafunga kwa mashambulizi matatu wakaondoka na pointi.

Watu wanauliza aliwaelewesha vipi wachezaji. Alikuwa na meza iliyochorwa kama uwanja, na vijitu vya kusogeza juu yake. Kila wiki anawakusanya, anasogeza kijitu, anamuuliza kila mmoja anaonaje, mpaka wachezaji wenyewe wabishane. Hiyo ndiyo skrini yetu ya mbinu, tofauti ni kwamba vijitu vyetu havijibu. Toleo la Football Manager 26 lililotoka Novemba 2025 limefika mpaka kumpa mchezaji kazi mbili, moja timu ikiwa na mpira na nyingine ikiwa haina. Wengi walilalamika kwamba ni ngumu. Mzee angeona kawaida tu, hayo ndiyo aliyokuwa anayasema mezani kwake.

Vituko vyake vingine ni vingi. Alipigania kituo cha treni cha Gillespie Road kiitwe Arsenal, na mwaka 1932 kikabadilishwa jina mpaka leo. Mikono myeupe ya jezi ya Arsenal ilikuja 1933 enzi zake. Agosti 1928 timu yake ilivaa namba mgongoni dhidi ya Sheffield Wednesday, wakubwa wakamkataza, na ligi ikaja kuzikubali 1939 yeye hayupo tena. Alitaka taa za kuchezea usiku, akakataliwa pia. Alitaka kusajili kipa wa Austria, Rudi Hiden, serikali ikamzuia. Na usajili wa David Jack kutoka Bolton 1928, wa kwanza duniani kuvuka pauni 10,000, unasimuliwa hivi: alipanga na mhudumu wa hoteli kwamba wageni wamiminiwe pombe kali bila kipimo, yeye glasi yake isiwe na pombe hata tone. Mwisho wa mazungumzo mabosi wa Bolton walikuwa wachangamfu mno.

Lakini nisimpake rangi awe malaika. Januari 1933 Arsenal ilikwenda kucheza Kombe la FA na Walsall, timu ya daraja la tatu. Wachezaji kadhaa walikuwa wagonjwa au majeruhi, Chapman akawachezesha vijana. Wakafungwa 2 bila, moja ya aibu kubwa za historia ya kombe lile. Tommy Black, beki aliyesababisha penalti, hakuvaa tena jezi ya Arsenal, ndani ya wiki kauzwa Plymouth. Charlie Walsh, aliyekosa magoli, naye akauzwa muda si mrefu. Waliingia kufanya kazi za wengine siku moja, haikukaa, wakaondolewa. Kwenye gemu tunafanya hivyo kila siku kwa kubonyeza, hatuoni sura ya mtu. Yeye aliwaona, na alifanya. Mimi hapo sikubaliani naye, wenye mtazamo tofauti mje kwenye maoni tubishane.

Mwisho wake ndio unaonigusa. Mwaka mpya wa 1934 Arsenal inaongoza ligi. Tarehe 1 Januari mzee kaenda Bury kutazama mechi. Tarehe 2 yuko Sheffield kuwachunguza Wednesday, maana ndio waliokuwa wanafuata. Akarudi London na mafua makali, baridi ya Januari ya Ulaya si ya kuchezea. Daktari akamwambia alale. Hakulala. Akaondoka kwenda Guildford kutazama timu ya tatu ya Arsenal.

Bosi wa mabingwa, anaumwa, anasimama kwenye baridi kuangalia watoto wa timu ya tatu. Kuna wanaosema ulikuwa ubishi tu. Mimi namkumbuka Andy Neil. Kule timu ya tatu ndiko alikomtoa mtu aliyeziba shimo la 1925, na Roberts na James nao umri ulikuwa unasogea. Nadhani alikwenda kutafuta nani ataweza kazi zao.

Mafua yakawa nimonia. Alfajiri ya Jumamosi tarehe 6 Januari 1934 alifariki nyumbani kwake Hendon, amebakiza siku 13 kutimiza miaka 56. Mchana wa siku hiyohiyo Arsenal walicheza na Sheffield Wednesday, mechi aliyoipanda treni kwenda kuifanyia kazi. Wachezaji walisimama kimya kabla ya mpira kuanza, kisha wakaenda kila mmoja mahali pake. Iliisha 1-1. Msimu ule walibeba ubingwa, na uliofuata tena, kikosi kikiwa bado kinacheza zile kazi alizowagawia.